"Entice" kwa Kiswahili: ni shawishi, vuta, rubuni au tongoza?

Chaki_Nyeupe

Wakuu, habari za kazi. Naomba mwongozo wa wale wanaozijua vizuri lugha zote mbili, maana kitenzi cha Kiingereza "entice" kinawasumbua sana wanafunzi wa kidato cha tatu. Kamusi zinatoa "shawishi, vutia, tongoza, danganya" kwa mkupuo mmoja, bila kusema lipi linakaa wapi. Mwanafunzi anachukua la kwanza analokutana nalo. Matokeo yake, mhalifu anayemwita mtoto kwenye gari anaandikwa "alimtongoza", na duka lililopunguza bei linaandikwa "linawadanganya wateja".

Sentensi ninazotaka tuzifanyie kazi ni hizi:

1. The smell of frying fish enticed passers-by into the shop.
2. The man enticed the child into his car with sweets.
3. The bank has cut its rates to entice customers away from its rivals.
4. I was tempted to leave, but I stayed.

Ya nne nimeiweka makusudi, kwa sababu wengi wanaona "tempt" na "entice" ni kitu kimoja. Je, naweza kuandika "I was enticed to leave, but I stayed"? Halafu kuna suala la "to" na "into", na la matamshi: wapo wanaosema "entisi" na wapo wanaosema "entaisedi". Karibuni.

Mkalimani_Pwani

Mwalimu, kabla ya sentensi zenyewe, wape wanafunzi kipimo hiki. "Entice" haisimami bila vitu vitatu: anayevutwa, kitu cha kutamanisha kilichowekwa mbele yake, na mahali au tendo analoelekezwa. Kile kitu cha kutamanisha kinaweza kuwa pipi, fedha, harufu, ahadi ya kazi, hata tabasamu. Pakiwa na hoja tupu bila cha kutamanisha, Kiingereza kinasema "persuade" au "convince". Pakiwa na vitisho, ni "force" au "coerce". Ndiyo maana sentensi kama "The teacher enticed us that reading is good" imeharibika mara mbili: hakuna chambo chochote ndani yake, na kitenzi hiki hakifuatwi na "that".

Kiingereza chenyewe hakijali kama chambo ni cha halali au cha hila. Neno ni lile lile kwa mwenye duka na kwa mtekaji. Kiswahili kinajali, na hapo ndipo mfasiri anapotakiwa kuamua. Kitu kikiwa cha kweli na hakuna anayeumia, tumia vuta, vutia au shawishi. Kukiwa na hila, tumia rubuni, hadaa, laghai au ghilibu.

Sentensi ya kwanza: "Harufu ya samaki wa kukaanga iliwavuta wapita njia wakaingia dukani." Angalieni nimeandika iliwavuta, si iliwavutia. Ukisema harufu iliwavutia, umesema waliipenda, na mtu anaweza kuipenda harufu akapita zake. "Into" inataka waingie ndani. Kiswahili hakina kihusishi cha kubeba maana hiyo, kwa hiyo ongeza kitenzi cha pili: wakaingia, wakasogea, wakajikuta mezani.

Sentensi ya pili: "Mwanamume huyo alimrubuni mtoto kwa pipi hadi akaingia kwenye gari lake." Wenzetu wa Kenya wataandika "alimhadaa kwa peremende", nayo ni sawa kabisa. "Alimshawishi" si kosa la sarufi, ila inapunguza uzito, kana kwamba walikaa wakajadiliana. Kuna mtego mwingine hapa ambao hata watafsiri wazoefu wananasa. Wakiandika "akamwingiza garini", wamebadilisha tukio. Kuingiza kunaleta picha ya mikono: kamshika, kamsukuma. "Entice" inasema mtoto aliingia kwa miguu yake mwenyewe. Kwenye taarifa ya polisi tofauti hiyo si ndogo hata kidogo.

Sentensi ya tatu: "Benki hiyo imeshusha riba ili kuwavuta wateja wa benki nyingine wahamie kwake." Lile "away from" limemezwa na wahamie. Usijaribu kuandika "kuwavuta mbali na wapinzani wake". Hakuna Mswahili anayesema hivyo.

Na tongoza? Iache kwa mambo ya mapenzi tu. Kumtongoza mtu ni kumtaka kimapenzi, na kwa Kiingereza hapo utakutana zaidi na "court", "chat up" au "seduce", kutegemea nia ya mtongozaji. Kamusi iliyoiweka tongoza sambamba na "entice" bila maelezo imeweka matumizi finyu kana kwamba ndiyo maana ya jumla.

Sarufi_Kwanza

Nakubaliana na Mkalimani. Mimi nachukua sentensi ya nne, kwa kuwa ndiyo inayowaangusha watu wengi kwenye mitihani na kwenye barua.

"I was enticed to leave, but I stayed" haikai. Sababu ni kwamba "entice" kwa kawaida hubeba habari ya kufanikiwa ndani yake. Ukisema "I was enticed into buying the phone", simu imeshanunuliwa, fedha imeshatoka. Ukisema "I was tempted to buy the phone", msikilizaji anakaa akingoja "but", kwa sababu hali ya kawaida ya "was tempted" ni kwamba tamaa ilikuja, na uamuzi wa mwisho bado haujatajwa, mara nyingi ni kwamba hukununua. Kwa hiyo sentensi ya nne kwa Kiswahili ni "Nilitamani kuondoka, lakini nikabaki", au "Nusura niondoke, ila nikabaki". Neno shawishi halihitajiki kabisa, maana hakuna aliyekushawishi. Tamaa ilikuwa yako.

Kama mvutaji alishindwa na bado unataka kutumia "entice", lazima useme hivyo waziwazi kwa kitenzi kingine: "They tried to entice her away", "They failed to entice him back", "She could not be enticed".

Kiswahili kina chombo kizuri sana cha kuonyesha jambo hili, nacho ni kiambishi -ik-. Linganisheni "nilishawishiwa kununua" na "nilishawishika kununua". Ya kwanza inasema kuna mtu alinifanyia kazi hiyo ya kushawishi; matokeo hayajulikani. Ya pili inasema kazi yake iliniingia. Ukifasiri "was enticed into", nenda na shawishika, kisha ufunge kwa -ka-: "Alishawishika kwa punguzo la bei akanunua mbili." Ukiiacha kwenye -wa peke yake, msomaji atauliza: halafu ikawaje?

Tofauti nyingine ya hali. "Tempted" imeshakuwa kama kivumishi: unaweza kusema "I'm very tempted", "I'm sorely tempted", na mtu akikukaribisha kitu unajibu "I'm tempted" ukimaanisha natamani ila nasitasita. "Very enticed" inachubua sikio. Ila "very enticing" ni sawa, kwa kuwa "enticing" ni kivumishi cha kile kitu: "an enticing offer", "an enticing smell", "an enticing prospect".

Sasa mipangilio, na hapa wanafunzi waikariri tu:

entice + mtu + into + nomino au -ing: "enticed him into the room", "enticed him into signing"
entice + mtu + to + kitenzi kikavu: "enticed him to sign"
entice + mtu + away from / out of / back / in
entice + mtu + with + chambo: "enticed them with free data"

Kati ya "into signing" na "to sign": zote ni sahihi. "Into" ina nguvu zaidi na mara nyingi inadokeza kwamba mtu amefanya jambo ambalo asingelifanya akiachwa peke yake. "To" inafaa kwenye maelezo ya jumla au ya lengo: "Shops use discounts to entice people to buy." Makosa ninayoyaona kila mara ni "enticed him to signing", "enticed him for signing" na "enticed to him". Hilo la mwisho linatokana na Kiswahili chetu, ambacho kinapenda kuweka "kwa" kila mahali. "Entice" inadaka mtu moja kwa moja, bila kihusishi katikati.

Matamshi: silabi mbili, mkazo kwenye ya pili, in-TAIS. Herufi c inasomwa s kwa sababu inafuatwa na e. Wakati uliopita, "enticed", bado ni silabi mbili: in-TAIST, mwisho ni t, wala hakuna "-edi" wala "-idi". Sababu ni kwamba sauti ya mwisho ya kitenzi ni s, na baada ya s ile -ed hugeuka t, kama ilivyo kwenye "placed" na "danced". Maandishi: e inaondoka kwenye "enticing", inabaki kwenye "enticement". "Enticeing" ni kosa.

Chaki_Nyeupe

Asanteni sana, hiyo ya -ik- sikuwahi kuiona ikielezwa hivyo. Nina swali la nyongeza. Wengi wa wanafunzi wanajua "tempt" kutoka kanisani, na wanaifasiri "jaribu". Je, jaribu na shawishi zikae pamoja, au tuwaambie waachane na jaribu?

Mama_Kwaya

Mwalimu, wasiiache, ila wajue inatoka wapi. "Tempt" kwenye Kiingereza cha zamani ilikuwa na maana mbili: kumtia mtu tamaa ya kutenda baya, na kumpima mtu. Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, kwenye Mwanzo 22:1, inasema Mungu "did tempt Abraham". Hapo hakuna tamaa yoyote. Ni mtihani wa imani. Tafsiri za Kiingereza za karne ya 20 zilibadilisha zikaandika "tested", kwa sababu maana ya kupima ilikuwa imekufa kwenye lugha ya kila siku. Biblia yetu ya Union inasema "Mungu alimjaribu Ibrahimu", na neno linakaa vizuri, maana jaribu kwa Kiswahili bado linabeba kupima.

Shida inakuja kwenye tamaa. Wasikilizeni waumini wakisali Baba Yetu. Kwenye Biblia ya Union, Mathayo 6:13 ni "Na usitutie majaribuni". Wakatoliki wanasali "Na usitutie katika kishawishi". Sala ni moja, neno la Kiingereza ni moja, "temptation", na Kiswahili kimetoa njia mbili: upande mmoja mtihani, upande wa pili mvuto wa dhambi. Kwa "temptation" ya leo, ile ya keki kwenye friji au rushwa mezani, kishawishi ndicho kilicho karibu zaidi. Kwa "trial", majaribu.

Na "entice" yenyewe imo humo. Mithali 1:10 kwa King James: "My son, if sinners entice thee, consent thou not." Union inasema: "Mwanangu, wenye dhambi wakikushawishi, wewe usikubali." Hapo wanafunzi wataona kwamba shawishi imetumika bila matokeo kutajwa, na ndiyo sababu ya lile "usikubali". Sentensi ina "if", kwa hiyo haivunji alichosema Sarufi_Kwanza. Ni onyo, tukio bado halijatokea.

Kwenye Waamuzi 16:5, wakuu wa Wafilisti wanamwambia Delila kuhusu Samsoni, "Entice him", na Union ikachagua "Umbembeleze". Mimi naona wafasiri walichagua vizuri sana. Angalieni chambo ni nini: Delila mwenyewe ndiye aliyeahidiwa fedha, Samsoni hakupewa fedha, alifanyiwa maneno na mapenzi siku baada ya siku. Rubuni isingefaa pale kwa sababu rubuni inataka kitu cha mkononi au ahadi, na vutia ingekuwa nyepesi. Kwa Yakobo 1:14, penye "enticed" wakaandika "kudanganywa". Kitenzi kimoja cha Kiingereza kimepata shawishi, bembeleza na danganya ndani ya kitabu kimoja, na kila mahali kuna sababu yake.

Kizimbani

Naongeza upande wa sheria, maana huko kosa la kuchagua neno lina gharama kubwa, hasa kwa ndugu zetu wanaofanya ukalimani kwenye mahakama za Marekani.

Sheria ya shirikisho ya Marekani, jalada la 18, kifungu cha 2422, inayohusu kumvuta mtu kwenye vitendo vya ngono, inataja vitenzi vinne mfululizo: "persuades, induces, entices, or coerces". Kosa likihusu aliye chini ya miaka 18, adhabu ya chini ni miaka 10 jela. Mkalimani asiyejiandaa atasema "alimshawishi" mara tatu, kisha "alimlazimisha". Mshitakiwa amesikia mambo mawili pale ambapo sheria imetaja manne. Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: "persuade" iwe kumshawishi kwa maneno, "induce" iwe kumsababisha akubali, "entice" iwe kumrubuni au kumvuta kwa vitu na ahadi, na "coerce" iwe kumshurutisha. Si kamili, lakini kila kitenzi kina chake, na mkalimani hataganda katikati ya sentensi.

Pili, sheria za nchi zilizotawaliwa na Mwingereza zina kosa la kumchukua mtoto kutoka kwa mlezi wake halali, na maneno yake ya kawaida ni "takes or entices". Kenya nayo ina kifungu cha namna hiyo kwenye Kanuni ya Adhabu. Kwa nini "entices" imewekwa kando ya "takes"? Kwa sababu bila neno hilo, wakili wa utetezi angesema mtoto alikuja mwenyewe, hakuchukuliwa. Sheria inaangalia ridhaa ya mlezi, si ya mtoto. Basi ile hoja ya Mkalimani_Pwani kuhusu "akamwingiza garini" ishikeni sana. Ukifasiri "entice" kwa neno la nguvu, umefuta sababu yenyewe ya neno hilo kuwepo.

Kuna pia "enticement" kama kesi ya madai, si ya jinai: kumshitaki mtu aliyemvuta mke au mume wako akuache. Uingereza ilifuta dai hilo kwa sheria ya mwaka 1970. Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ililiweka: mwenzi aliyeachwa anaweza kudai fidia kwa yule aliyemshawishi mwenzake amkimbie. Kwenye nyaraka za aina hii shawishi inatosha, kwa kuwa si lazima pawe na utapeli. Inatosha kwamba mtu wa tatu alivuta.

Ndoana

Bado "lure", "seduce" na "coax" hazijapata haki yao.

"Lure" ni ndugu wa karibu wa "entice", ila ina mtego ndani. Asili yake ni kwa wafugaji wa kozi, yaani ndege wa kuwindia: ni fungu la manyoya lililofungwa kwenye kamba, linazungushwa hewani ili ndege adhani ni windo arudi kwa mwenyewe. Kule Oman na nchi za Ghuba wanaofuga kozi wanalitumia hadi leo. Wavuvi nao wanaita "lure" kile chambo cha bandia chenye ndoana ndani. Kwa hiyo "lured into" karibu kila mara inaishia pabaya: "lured into a trap", "lured to his death". Kwa habari za uhalifu magazeti ya Kiingereza hupenda "lure" kuliko "entice", na sentensi ya pili ya Mwalimu ingeweza kuwa na "lured" bila mtu kushtuka. Sentensi ya kwanza ikiwa na "lured", msomaji ataanza kuwaza kuna nini kwenye huyo samaki. Kiswahili: kunasa kwa chambo, kutega, kurubuni.

"Seduce" kwa Kilatini ni kuongoza pembeni, kutoa mtu njiani. Leo ni ya ngono kwanza, ya upotofu pili: "seduced by power", yaani kulevywa na madaraka. Usiitumie kwa wateja wa duka isipokuwa unaandika tangazo la manukato.

"Coax" ndiyo bembeleza: taratibu, kwa upole, kwa kurudia. Unam-coax mtoto anywe dawa, unam-coax paka ashuke mtini. Injini baridi nayo inabembelezwa hadi iwake, na Kiingereza kinakubali "coax the engine into life". Huwezi ku-entice injini, kwa sababu haina tamaa.

"Tantalize" ni nyingine kabisa, msiichanganye. Ni kumwonyesha mtu kitu halafu asikipate. Imetokana na Tantalus wa hadithi za Kigiriki, aliyesimamishwa majini na matunda juu ya kichwa: akiinama maji yanapungua, akinyoosha mkono matawi yanapanda. Kwa "entice" anayevutwa anafika. Kwa "tantalize" habari ni ya kutofika. Kumrusha roho mtu kuko karibu, au kumtamanisha bure.

Kwa upande wa anayetamani, Wakenya wana usemi mzuri kwenye habari za michezo: klabu "inammezea mate" mchezaji. Hiyo ni hali ya "tempted by", si "entice". Klabu ikishatuma ofa nono na mchezaji akaanza kuyumba, hapo ndipo "entice" inaanza.

Chaki_Nyeupe

Nimefarijika sana, wakuu. La mwisho: "vivutio vya uwekezaji" nikivirudisha kwa Kiingereza, ni "investment enticements"? Na wapo wanafunzi wanaoandika "politicians enticed violence". Wanatoa wapi hilo?

Mkalimani_Pwani

Hilo la pili ni kuchanganya "entice" na "incite". Ukitamka haraka, in-TAIS na in-SAIT zina sauti zile zile, ila s na t zimebadilishana nafasi. "Incite" ni chochea: "incite violence", "incite hatred". Mwanasiasa anaweza ku-entice wapiga kura kwa fulana na pilau, yaani kuwarubuni, na anaweza ku-incite vurugu, yaani kuzichochea. Kipimo: baada ya "entice" lazima awepo kiumbe mwenye kutamani. Vurugu haitamani kitu. Jambo la kuvutia ni kwamba "entice" yenyewe, ilipotoka Kifaransa cha kale, ilikuwa na maana ya kuchochea moto. Inatokana na neno la Kilatini la kijinga cha moto, yaani kipande cha kuni kinachowaka. Maana hiyo ilishapotea kwenye Kiingereza, kwa hiyo isimpe mtu kisingizio.

Kuhusu vivutio: hapana, andika "investment incentives". "Incentive" ni neno la sera: msamaha wa kodi, unafuu wa ushuru, masharti yaliyoandikwa. "Enticement" ina harufu ya ujanja, na ukiiweka kwenye waraka wa serikali mwekezaji atajiuliza anafichwa nini. Watalii wanavutiwa na "attractions": "vivutio vya utalii" ni "tourist attractions". Kwa hiyo kivutio kimoja cha Kiswahili kinagawanyika mara mbili kwa Kiingereza, na "enticement" haimo katika hizo mbili.

Muwe macho pia na ushawishi. Siku hizi "mtu mwenye ushawishi" ni mtu ambaye neno lake linasikilizwa, yaani "influential". Ukifasiri "enticement" kuwa ushawishi peke yake, msomaji ataelewa "influence". Sema kishawishi, au taja kitu chenyewe: zawadi, ofa, ahadi. Kwenye taarifa za usafirishaji haramu wa watu, mathalani, "enticed by promises of well-paid jobs abroad" isiwe "kwa ushawishi wa kazi". Iandike "walirubuniwa kwa ahadi za kazi zenye mishahara minono ughaibuni". Tendo liko wazi, chambo kiko wazi.

Sarufi_Kwanza

Mwalimu, zoezi fupi la kuwapa. Wajaze "tempted", "enticed", "lured", "coaxed" au "incited", kila moja mara moja:

a. The crowd was ______ to violence by a speech on the radio.
b. I'm ______ to order another plate, but I'm full.
c. It took an hour, but we finally ______ the goat out of the well with soft words and patience.
d. The gang ______ the driver to an empty house and robbed him.
e. Free delivery has ______ many shoppers into buying more than they need.

Majibu: a incited, b tempted, c coaxed, d lured, e enticed. Wengi watakosea d na e kwa kuzibadilisha. Kwenye d "enticed" si kosa la sarufi, kwa hiyo mpe mwanafunzi nusu alama kama e ameweka "lured", kisha mwulize nani aliumia katika kila sentensi. Kwenye c, kama angeonyeshwa majani mabichi badala ya maneno, "enticed" ingefaa, na hapo mwambie mwanafunzi aandike upya sentensi nzima kwa "with".